Sifa za Fundi wa Miguu

Fundi wa injini husifiwa hadharani. Gari lililolala wiki nzima likiwaka na kunguruma, wapita njia husimama, mwenye mali hutoa mkono, na kijana wa bodaboda anayesubiri abiria hutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Fundi umeme naye ana dakika yake ya ushindi: taa ikiwaka, imewaka. Fundi wa miguu hana cha kuonyesha. Akimaliza kazi, gari limesimama palepale chini ya mwembe, na kutu yake ileile na bodi ileile iliyobonyea. Kilichotokea ni kwamba kuna mlio hausikiki tena na kuna mtikisiko umeondoka. Kumdai mtu hela kwa kitu ambacho hakipo si kazi nyepesi, na nadhani ndiyo maana ufundi huu haujapata wa kuusifu.

Basi nausifu mimi, na nausifu kutokea Ipyana, kata iliyo jirani na mji wa Kyela, kwa kuwa sijui pengine nchini ambapo miguu ya mbele ya gari hupewa mitihani ya aina nyingi namna hii ndani ya safari moja.

Chukua pikapu iliyopakia mchele kwenda Mbeya. Inaanzia jirani na Ziwa Nyasa, mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari. Inapita Ibanda, inashika lami ya Kasumulu kwenda Uyole, inapanda kwenye migomba na chai ya Tukuyu, inapita kwenye baridi ya Isongole, na inapoingia Mbeya iko juu ya mita 1,700. Kesho yake inarudi na viazi au saruji, na milima iliyopandwa jana leo inashukwa, kona baada ya kona, uzito wote ukiegemea mbele kila breki inapokanyagwa. Mteremkoni, ulegevu ambao kijijini ulikuwa kero unageuka kuwa suala la roho za watu.

Lami ikiisha mtihani unabadilika. Tambarare ya Kyela imejengwa na tope la mito: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Mvua huku huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya Machi na Mei mito hiyo hutoka kwenye kingo zake ikaingia mashambani na kukalia barabara. Dereva anaendesha juu ya maji asiyojua kina chake. Tairi la kushoto linazama, la kulia linabaki juu, na maji ya udongo yanapenya kila penye upenyo. Kiangazi kikifika, udongo huohuo unakuwa vumbi laini linalokaa hata ndani ya masikio. Ukielekea Matema unaongezewa mchanga wa ufukweni, ambao ni adui mwenye meno.

Na mizigo ya huku haina subira. Machungwa huchubuka. Madumu ya mawese huteleza na kugongana. Usipa na mbasa wanataka kufika kabla jua halijapanda. Lakini kipimo kikali kuliko vyote ni vyungu vya Wakisi, vinavyovushwa ziwani kwa mitumbwi kutoka Ikombe na kuuzwa sokoni Lyulilo, pale Matema. Dereva akivishusha salama, watu humsifu yeye na majani makavu aliyovipangia. Shokapu na bushi za springi hakuna anayezitaja.

Nazungumzia pikapu za zamani kwa makusudi. Toyota ilizindua Hilux mwaka 1968, ikiundwa kwenye viwanda vya Hino. Ile ambayo mafundi wa huku wanaweza kuifungua gizani ni ya miaka ya 1988 hadi 1997, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Marekani walikuwa wameshahamia kwenye miguu ya mbele inayojitegemea, kila gurudumu na mkono wake, tangu toleo la 1986. Zilizoletwa Afrika zilibaki na ekseli moja nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu, imefungwa kwenye springi za majani. Mpanda gari wa Marekani angeona amepunjwa. Gari la hivyo linarusha abiria, linadunda likiwa tupu, na kila shimo linalokanyagwa na gurudumu la kushoto, la kulia linapata habari. Lakini kila kilichomo kinafunguka. Kinatolewa kwa spana na nyundo, kinaoshwa kwa dizeli, kinakaguliwa kwa macho, na kinarudishwa. Hakuna kilichofungiwa kiwandani ili kikifa kitupwe chote na jirani zake wazima.

Ukilala chini ya gari hilo na tochi, utaona njia ambayo amri ya dereva inapita. Usukani unazungusha shafti inayoingia kwenye stelingi boksi. Boksi inasukuma mkono mfupi wa chuma, mkono unasukuma dragi linki, dragi linki inageuza gurudumu moja, na tairodi inahakikisha gurudumu la pili linamfuata mwenzake. Kila mahali fimbo moja inapokutana na nyingine pana tufe la chuma ndani ya kikombe, limejaa grisi, limefunikwa kwa mpira mwembamba wa kuzuia vumbi. Gurudumu lenyewe linageukia juu ya beringi mbili, moja juu na moja chini. Na ekseli yote inaning'inia kwenye springi ambazo mwisho wake mmoja umefungwa kwa pini na wa pili kwa shakeli, huku bushi zikikaa kati ya chuma na chuma.

Vyote hivyo hulika, tena hulika kwa mfuatano unaojulikana. Mpira wa vumbi unapasuka kwanza, kwa jua au kwa jiwe. Maji ya Machi yanaingia na kuisafisha grisi. Vumbi la Agosti linaingia na kujichanganya na grisi iliyobaki, na mchanganyiko huo unasaga chuma usiku na mchana bila kuagizwa. Tufe linapungua, kikombe kinapanuka. Dereva hasikii kitu, kwa sababu kila kiungo kimepoteza kidogo sana, pengine unene wa kucha, na mkono wake umezoea kufidia. Leo anazungusha usukani kidogo zaidi kuliko mwaka jana na hajui. Atakayegundua ni mgeni aliyeazimwa gari: mita hamsini tu, anauliza, "Hili gari mnaliendeshaje?"

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na ndipo heshima yake inapoanzia. Injini ikikataa kuwaka, mara nyingi kuna mkosaji mmoja. Usukani ukicheza, wakosaji ni wengi na kila mmoja ana kosa dogo la kusameheka. Viungo sita vyenye ulegevu mdogo vinaungana kuwa ulegevu mmoja mkubwa kwenye mikono ya dereva, na ukikipeleka kimojawapo mahakamani peke yake kitaachiwa huru. Fundi mbabaishaji anabadilisha kile kilichomkaa karibu, anachukua hela, gari linarudi baada ya mwezi. Fundi wa kweli anataka kusikiliza kesi yote.

Nimewahi kukaa nusu siku nikimwangalia fundi mmoja mzee wa Ipyana akianza kazi hiyo, na kilichonivutia ni muda aliochukua kabla ya kushika spana. Alimhoji dereva kwanza. Linavuta upande gani? Likiwa tupu au na mzigo? Ukikanyaga breki linazidi au linatulia? Linatetemeka mwendo gani, na ukiongeza linaacha? Dereva, kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda kupakia kakao, alijibu huku anaangalia simu. Mzee akanyamaza mpaka simu ikarudi mfukoni.

Kisha akalisogelea tairi na kupitisha kiganja juu ya meno yake, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kwenda kulikuwa laini, kurudi kulikwaruza. Tairi la namna hiyo limekuwa likitembea mbele na wakati huohuo likiburutwa kidogo kwa ubavu. Magurudumu mawili yanatazama sehemu mbili tofauti. Likiwa limelika bega moja tu, limeinama. Likiwa na mabonde mabonde, limekuwa likirukaruka barabarani kwa sababu shokapu imechoka au kuna kiungo kilicholegea. Maandishi yote ya miezi sita iliyopita yako pale kwenye mpira, na yanasomwa bila kifaa chochote.

"Dogo, panda kwenye usukani," akamwambia mwanafunzi wake. "Kushoto kidogo, kulia kidogo. Usitie nguvu."

Magurudumu yalikuwa chini, yamebeba uzito wa gari, maana kiungo kilichoning'inia hewani hujifanya kizima. Mzee akalala kwenye gunia, akaingia chini. Aliweka vidole viwili juu ya kila kiungo, kimoja kwenye kikombe na kimoja kwenye fimbo inayokipokea, kuanzia kwenye boksi kwenda nje. Kama vidole vyote viwili vinasogea pamoja, kiungo ni kizima. Kama kimoja kinaanza na cha pili kinachelewa, hata kwa nukta, hapo pana ulegevu. Macho hayawezi kuuona. Yanaona vyuma vinatikisika basi. "Endelea. Endelea. Endelea. Simama." Chaki ikachora alama. "Endelea."

Baadaye gari likapandishwa jeki, mawe na gogo vikawekwa chini ya chasisi kwa usalama, na akalishika gurudumu juu na chini, akalivuta na kulisukuma. Lilicheza. Sasa, gurudumu linalocheza hivyo linaweza kuwa na beringi za habu zilizolegea au zile beringi mbili za kugeukia, na kosa hapa lina gharama kwa mteja, kwa sababu kazi ya pili ni kubwa mara kadhaa. Akamwambia mwanafunzi akanyage breki na aishikilie. Breki inalifunga gurudumu na habu yake viwe kitu kimoja na kile kilicho nyuma yake. Akatikisa tena. Mchezo ulikuwa umekwisha. "Habu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwokolea mwenzake pesa. Ungebaki, wangefungua mpaka ndani. Ujanja huo wa mguu mmoja kwenye breki ni wa zamani, hauna mwenyewe, na nauona ni bora kuliko vipimo vingi vyenye waya.

Sasa nije kwenye skrubu. Juu ya stelingi boksi ya aina hii kuna skrubu moja yenye nati ya kuifungia. Ukiikaza, meno ndani ya boksi yanasogeleana na mchezo wa usukani unapungua papo hapo. Kila fundi anaijua, na kila fundi mbovu anaipenda. Mteja analalamika, skrubu inakazwa robo ya mzunguko, mteja anajaribu usukani, anafurahi, analipa, anaondoka. Dakika tano. Viungo vyote vilivyolika bado viko vilevile. Isitoshe, meno hayo yametengenezwa yabanane zaidi katikati, pale magurudumu yanapotazama mbele, kwa sababu ndipo gari linapotumia muda wake mwingi, na kwa sababu hiyohiyo ndipo yanapolika zaidi. Ukikaza skrubu mpaka katikati pasicheze, kwenye kona boksi iliyolika inabana. Na ukikaza magurudumu yakiwa yamekunjwa, yakirudi katikati yanakwama. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dereva anashuka Tukuyu akiamini gari limetengenezwa, na gari halitaki kunyooka.

Skrubu ipo kwa sababu halali na ina siku yake: ya mwisho, baada ya vingine vyote kuwa vizima, magurudumu yakiwa yamenyooka. Anayeanza nayo anaficha. Sina neno la upole zaidi.

Kuhusu spea nitasema machache, maana kila mtu ana hadithi yake. Zipo za dukani mpya, zipo za mtumba, na zipo feki zenye boksi zuri kuliko zile halali. Mtu wa Ipyana atatafuta Kyela, akikosa ataagiza Mwanjelwa, Mbeya, na akikosa huko ataanza kubuni. Ubunifu ndio unaonivutia. Bushi za shakeli hukatwa kwenye tairi kuukuu, zikachongwa kwa kisu na kuingizwa kwa sabuni. Nyingine hukerezwa kwa nailoni na fundi wa mashine. Watu wa mjini hucheka wakiziona. Mimi sicheki, kwa sababu bushi ya tairi ikichoka inachoka polepole, inaanza kulia, inagonga, inatoa taarifa wiki nyingi kabla ya kufa. Lakini nimeona pia tairodi iliyochomelewa. Chuma cha kiungo kile kimepikwa kiwandani kwa moto na baridi ya kipimo ili kiwe kigumu na kisikatike. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo na kuacha ufa usioonekana. Kitakaa kimya, kizuri, kimepakwa rangi, mpaka siku moja kikatike chote kwa mara moja, na siku hiyo gurudumu moja litaamua njia yake. Nadhani mpaka wa uadilifu katika kazi hii uko hapo, kati ya kinachoharibika kwa kupiga kelele na kinachoharibika kimya. Fundi anaweza kubuni upande wa kwanza kadiri apendavyo. Upande wa pili aagize Mbeya na mteja asubiri.

Kusubiri huko kuna karaha zake. Gari liko juu ya mawe, mvua inakuja, kakao ya mtu inataka kufika ghalani kabla ya mnada. Ziwa letu lina kisa maarufu cha chombo kilichokutwa kwenye matengenezo: tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, kule Liuli, imevutwa nchi kavu kutengenezwa, ikaipiga ikiwa haiwezi hata kuelea. Wateja wa gereji huwa na hofu ya aina hiyohiyo, ingawa adui wao ni marejesho ya mkopo.

Kung'oa kiungo kilicholika ni kazi ya kutazamwa. Mguu wa tufe umechongwa mnene juu na mwembamba chini, na umekaa ndani ya tundu lenye umbo hilohilo, kwa hiyo kadiri gari lilivyotembea ndivyo ulivyozidi kujikaza. Kuupiga kwa chini ni kuuponda tu. Mzee alilegeza nati lakini hakuitoa yote. Aliiacha imeshika nyuzi chache ili fimbo isimwangukie usoni. Kisha akaegemeza nyundo moja nzito upande huu wa jicho la mkono wa chuma, na kwa nyundo ya pili akapiga upande wa pili wa jicho. Hakugusa kiungo kabisa. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, na ghafla kikaachia chenyewe, kikadondoka mpaka kwenye nati. Jicho linapobanwa kati ya nyundo mbili hupoteza umbo lake kwa muda mfupi usioweza kuhesabika, na muda huo unatosha. Kabla ya kukizungusha kiungo kitoke kwenye fimbo ya tairodi alihesabu nyuzi, ili kipya kiingie kina kilekile na magurudumu yasipotee sana mahali pake. Na alipofunga nati mpya, tundu la pini ya kukunja halikulingana na pengo la nati. Mwanafunzi akataka kulegeza kidogo. Mzee akamshika mkono: hapo hurudi nyuma, unakaza mpaka pengo linalofuata.

Mkono ule wa chuma unaotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye tairodi hautoki moja kwa moja. Umepinda kwa pembe fulani, na pembe hiyo ina historia. Kwenye kona gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi, vinginevyo mojawapo litaburutwa. Mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alilitatua jambo hilo miaka ya 1810, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann, mchapishaji wa vitabu na picha mjini London, akasajili hataza kwa niaba yake Uingereza. Duniani kote mpangilio huo unaitwa kwa jina la Ackermann. Lankensperger, aliyekuwa fundi, alisahauliwa, na jambo hilo halitamshangaza mtu yeyote Ipyana. Ninachotaka kusema ni kwamba anayenyoosha mkono huo kwa nyundo kwa kudhani umepindwa na ajali, anaharibu hesabu ya miaka zaidi ya mia mbili. Mzee wetu hajawahi kusikia majina hayo. Anajua tu kwamba mkono ule haunyooshwi.

Viungo vikishakaa, magurudumu hupangwa. Mbeya kuna mashine za wilialaimenti zenye skrini na mwanga. Ipyana kuna msumari, ubao na futi. Gurudumu la mbele linainuliwa na kuzungushwa huku msumari umeshikiliwa kwa uthabiti katikati ya tairi, ukachora mstari. Mstari huo unakuwa wa kweli hata kama rimu imepinda, na rimu za huku zimepinda. Gari linashushwa na kusukumwa mbele hatua kadhaa, halirudishwi nyuma, ili viungo vyote viegemee upande vinaoegemea safarini. Kisha umbali kati ya mistari miwili unapimwa kwa nyuma, halafu kwa mbele, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Mbele panatakiwa pawe pafupi kwa milimita chache kuliko nyuma. Sababu yake inanipendeza sana: gari likitembea, barabara inayavuta magurudumu ya mbele yafunguke nje, na ule ulegevu mdogo uliobaki katika kila kiungo kizima unakwisha, mpaka yananyooka. Kipimo kimeshauhesabu ulegevu. Anayeyapanga yakiwa sawa kabisa gari limesimama, atakuwa ameyapanga vibaya gari likitembea.

Hata kwenye kukaza, sheria ni ileile. Nati ya habu inakazwa kwa nguvu huku gurudumu likizungushwa ili beringi zikae, kisha inarudishwa kidogo. Ukiiacha imekaza, beringi inaungua kabla ya kufika Tukuyu. Beringi za kugeukia zinapangwa kwa shimu, vile visahani vyembamba vya chuma, na kipimo chake ni uzito unaohitajika kuuvuta mkono wa gurudumu mpaka uanze kugeuka. Kitabu cha kiwandani kinataka mizani ya springi yenye ndoano. Kyela mizani hiyo inajulikana sana, inaning'inia kila penye samaki, na mzee alituma mtoto akaiazime kwa mama muuza mbasa, ikarudi inanuka, ikafanya kazi yake.

Jambo moja tulibishana. Mwenye gari, mama anayenunua mchele vijijini, alikuwa amefika kuona kazi, na akaomba springi za nyuma ziongezwe majani mawili ili abebe zaidi.

"Mama, tukiongeza huko nyuma, utaongeza na magunia," mzee akamwambia.

"Ndiyo nia yenyewe, fundi."

"Magunia yakizidi, pua inanyanyuka. Mbele inakuwa nyepesi. Nimekukazia vizuri halafu tairi zenyewe hazikanyagi chini sawasawa."

Mama akasema majirani zake wote wameongeza. Mimi nilikuwa upande wa mama, kwa sababu nafuu ya safari moja kwenda Mbeya naijua. Mzee alikuwa sahihi kwa upande wa chuma: mzigo uliozidi nyuma ya ekseli unainyanyua mbele, usukani unakuwa mwepesi wa hatari, na taa za usiku zinawachoma macho wanaokuja. Wakakubaliana jani moja. Nadhani mapatano mengi ya usalama barabarani nchini hufanyika hivyo, gerejini, kabla trafiki hajaliona gari.

Yule mwanafunzi alianza kwa kuosha vyuma, akapanda cheo kwenda kupiga grisi, sasa anatikisa usukani. Siku atakayolala yeye chini na mwingine akatikisa, atakuwa fundi, cheti au bila cheti. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, na ni jambo jema. Natamani tu mtihani wenyewe uwe na sehemu ya vidole viwili.

Jioni gari lilijaribiwa kwenye lami, mzee mwenyewe akiendesha. Aliporudi alimwambia dereva kitu kimoja: apige safari mbili za mzigo, kisha arudi yubolti za springi zikazwe upya, kwa kuwa chuma kipya na jani jipya hukaa na kujibana, na yubolti iliyokuwa imekaza inajikuta imelegea. Haina malipo, akasisitiza. Dakika kumi tu.

Dereva hakurudi. Hawarudi, mzee alisema, kwa kuwa gari linakuwa tamu. Siku ya soko alilikuta limeegeshwa Kyela mjini, limepakiwa nusu, dereva anapiga stori na wapakizi.

"Shikamoo mzee! Gari liko poa kabisa, halina shida yoyote!"

"Marahaba," mzee alijibu kutoka chini ya gari, akidai spana ya pili.